Finishi moa ya trekta kwa nyasi ndefu: itaweza, au nitafute kitu kingine?

Shambani_Tu
Wakuu habari za humu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na vifaa vya kufunga nyuma ya trekta, kabla sijatoa hela.

Nina trekta dogo la HP 25, PTO yake (ile shafti ya nyuma inayozungusha vifaa) ni ya kawaida, mizunguko 540 kwa dakika. Eneo ni kama ekari tano. Karibu nusu ni uwanja wazi unaozunguka nyumba, nyasi laini tu ila zimeachwa muda mrefu, zinafika magotini. Nusu iliyobaki ni miti ya matunda. Huko chini ya miti majani yananifika kifuani, na kuna vichaka vimeanza kuota, shina unene wa kidole gumba.

Kuna mtu ananiuzia finishi moa (mashine ya kukatia nyasi za uwanja) ya futi 6. Imetumika lakini kwa macho ni nzima: visu vitatu, magurudumu manne, mikanda mipya. Ananihakikishia inakata chochote. Ninachotaka mimi ni uwanja uwe safi, si kufyeka na kuacha mafungu ya majani kila mahali. Itaziweza hizi nyasi? Na futi 6 kwa HP 25 si kubwa?

NyasiKavu
Anayesema inakata chochote kazi yake ni kuuza, si kukata. Subiri mafundi waje.

Fundi_Grisi
Mkuu, nianze na la futi maana ndilo jepesi. Hiyo HP 25 ni ya injini. Inayofika kwenye PTO ni pungufu, kwa trekta la ukubwa huo hesabu kama 20 hivi. Angalia kitabu cha trekta, kitakuwa kimeandika. Wengi wetu tunakwenda na kipimo cha HP 4 za PTO kwa kila futi ya upana, kwa hiyo futi 6 inataka 24. Kwenye nyasi fupi na kavu, sehemu tambarare, litajikongoja. Ukifika mahali nyasi zimeshikana, au pana kamwinuko kidogo, injini inazama sauti, visu vinapoteza kasi, na kisu cha moa kikipoteza kasi hakikati tena, kinalaza tu. Usivuke futi 5.

Sasa nyasi. Finishi moa imeundwa kwa uwanja unaokatwa mara kwa mara. Giaboksi iko katikati, inazungusha puli, puli inavuta mkanda, na mkanda ndio unaozungusha visu vyote vitatu. Urefu inaoacha ni kati ya sm 3 na 12 hivi. Za magotini unaweza kuzilazimisha kwa shida, nitaeleza chini. Za kifuani sahau. Zinalazwa na ukingo wa mbele wa moa kabla kisu hakijazifikia, wewe unapita unajiona umekata, ukigeuka nyuma unazikuta zinainuka moja moja. Zile zilizokatwa nazo ni nyingi kuliko upenyo wa kutokea. Zinajaa chini ya kava, mkanda unaanza kuteleza, na harufu ya mpira unaoungua inakufikia hadi kwenye kiti.

Vichaka ndivyo vibaya zaidi. Visu vya finishi vimekazwa kabisa kwenye shafti, havina namna ya kukunjika vikigonga kitu kigumu. Pigo lote linakwenda kwenye shafti na beringi.

Kitu kimoja zaidi kabla hujaridhika na hiyo mikanda mipya. Inua hiyo moa, ikalie kwenye stendi imara (usiiamini haidroliki hata dakika moja), halafu chungulia pale kisu kinapokutana na shafti. Iliyotumika kwenye nyasi ndefu utakuta nyuzi za majani zimejisokota pale juu ya kisu, kavu, zimekaza kiasi kwamba huzitoi kwa vidole. Hizo nyuzi zinapanda taratibu, zinaisukuma sili, grisi inavuja, vumbi linachukua nafasi yake. Shika ncha za kisu kwa glavu, kitikise juu chini. Kikicheza, beringi imekwisha. Rudia kwa vyote vitatu. Mtu akibadilisha mikanda kabla ya kuuza, mimi nauliza kwanza ile ya zamani iliungulia wapi.

Shambani_Tu
Aisee, asante sana fundi. Kumbe mikanda mipya si sifa. Basi kwa hayo majani ya kifuani natumia nini?

Mjomba_Tairi
Slasha ya trekta, basi. Giaboksi moja, hakuna mkanda, visu viwili vinene vinavyoning'inia kwenye pini. Kikigonga kisiki kinarudi nyuma chenyewe, kisha kasi inakinyoosha tena. Hata nyepesi inapasua shina la sm 2.5, kwa hiyo vidole gumba vyako ni chakula chake. Wala haitaki makali sana, kazi yake inafanyika kwa uzito na pigo. Kwa HP yako chukua futi 4, au 5 ile nyepesi kama nyasi zako si nzito sana.

Lakini nikwambie ukweli, haiachi uwanja. Inaacha nyasi zimechanika ncha, na nyingine zimelala kwenye mistari. Kwenye miti ya matunda nani anajali.

Halafu angalia trekta lako lina PTO ya namna gani. Kama klachi moja inashika gia na PTO pamoja, slasha inaweza kukusukuma. Ule uzito unaozunguka ukishapata kasi, ukikanyaga klachi usimame, wenyewe unaendelea kuzunguka na unalisukuma trekta mbele kupitia shafti. Dawa ni klachi ya njia moja, kifaa kidogo kinachokaa kati ya PTO na shafti. Usifunge slasha kwenye trekta la namna hiyo bila hicho kifaa.

Mama_Miche
Habari zenu. Mimi natofautiana kidogo na kaka zangu hapa. Mbona hakuna aliyetaja fleli moa?

Fleli ina shafti iliyolala upana wote wa mashine, imejaa visu vidogo vingi vyenye umbo la Y. Inakata nyasi za kifuani, na inazisaga, kwa hiyo haiachi mafungu. Ukiishusha na kupita tena unapata uwanja ambao mgeni hatajua umekatwa na nini. Na kwa shamba la miti ina faida ambayo slasha haina: ni fupi kwa nyuma, unageuka kati ya mistari bila mkia kugonga mashina. Zipo hata zinazosogezwa pembeni ya trekta ili zifike chini ya matawi huku wewe umebaki nje. Mawe nayo hairushi mbali kama slasha.

Kwa nini anunue mashine mbili wakati moja inatosha?

Fundi_Grisi
Dada Mama_Miche, siipingi fleli, nimeitengeneza mara nyingi na naiheshimu. Ila tumwambie yote. Kwa upana uleule ni nzito kuliko finishi na inakula nguvu zaidi. Kwa HP 25 ni futi 4, na kwenye hayo ya kifuani atakwenda kwa gia ya chini kabisa. Siku ya kubadilisha visu si vitatu tena, ni makumi. Kimoja kikikatika, unabadilisha na cha upande wa pili, la sivyo shafti inatetemeka mpaka boliti zinalegea.

Mama_Miche
Hapo sibishi. Lakini mwendo wa pole haujamuua mtu.

Mjomba_Tairi
Futi 4 haifuniki tairi zake za nyuma. Atakuwa anakanyaga nyasi kabla ya kuzikata.

Mama_Miche
Ndiyo maana nimetaja zile za kusogezwa pembeni, kaka. Soma hadi mwisho.

Mjomba_Tairi
Nimesoma 😀 Yaishe.

Shambani_Tu
Mnanichanganya kwa raha. Hela ninayo ya mashine moja tu kwa sasa. Hayo majani ya kifuani ni kwa sababu shamba lilikaa bila mtu. Nikishayapiga mara ya kwanza nitakuwa nakata kila baada ya wiki mbili, nipo muda wote.

Fundi_Grisi
Hiyo sentensi ya mwisho ungeiweka juu kabisa, mkuu. Inabadilisha kila kitu. Usinunue mashine kwa ajili ya nyasi za leo, ilhali baada ya mwezi hutakuwa nazo. Kodisha mwenye slasha apite eneo lote mara moja, pamoja na ule uwanja. Ng'oa visiki vya vichaka vitakavyobaki, maana mashina yaliyokatwa kwa mshazari yanatoboa tairi. Halafu nunua finishi moa ya futi 5. Ukikata kila wiki mbili hutaona tena nyasi ya kuisumbua.

Kama ungesema utakuwa unakuja shambani mara moja kwa miezi mitatu, ningekuwa upande wa Mama_Miche bila kusita.

Tafuta inayotolea majani nyuma, si pembeni. Inayatawanya kwa upana wote, na mashina ya miti hayapigwi na takataka. Na zikikuzidi baada ya mvua, fanya hivi: rekebisha magurudumu ya moa ili ikate kwa urefu wa juu kabisa, PTO iwe kwenye 540 kamili, gia ya chini, na ukate nusu ya upana tu kila unapopita. Acha zikauke siku moja au mbili, shusha, pita tena kwa kukatisha njia ya kwanza. Mwendo unapunguza kwa gia. Ukipunguza mafuta unapunguza na visu. Na usikate kukiwa na umande, zile mbichi zinagandamana chini ya kava na baada ya hapo ni kukwangua.

NyasiKavu
Na mie nichangie sasa. Kabla slasha haijaingia, tembea eneo lote kwa miguu. Mawe utayaona, tatizo ni waya. Kipande cha waya wa uzio kikizama kwenye majani kinajisokota kwenye shafti, au kinatoka kama risasi. Watoto na mifugo wawe mbali kabisa, na zile cheni au mipira inayoning'inia ukingoni mwa mashine isiwe imeng'olewa.

Pia simama mara kwa mara uangalie rediyeta. Nyasi ndefu zikiwa na mbegu, zile manyoya zinaziba wavu wa mbele hadi huoni tundu, na sindano ya joto inapanda wewe ukitazama nyuma.

Shambani_Tu
Nimeelewa. Ile ya futi 6 naiacha. Nakodisha slasha, halafu natafuta ya futi 5 ya kutolea nyuma. Swali la mwisho: nikinunua iliyotumika, shafti yake ya PTO itaingia tu kwenye trekta langu?

Fundi_Grisi
Kichwa kitaingia, urefu ndio usiuamini. Funga moa bila shafti, inua na kushusha taratibu, tafuta pale ambapo PTO na giaboksi vinakaribiana zaidi. Hapo zima trekta, shika nusu mbili za shafti sambamba uone. Zikiwa ndefu kiasi cha kugota, zitasukuma beringi ya PTO ndani ya trekta siku ya kwanza utakapoinua. Kata bomba la nje na la ndani kipimo sawa, kata na kava zake za plastiki vilevile, piga msasa ncha, safisha vumbi la chuma, paka grisi. Kisha shusha moa mpaka chini kabisa uhakikishe bado zimeingiliana vya kutosha. Zikiwa zimeshikana kwa ncha tu, usiwashe, tafuta shafti nyingine.