Naomba ushauri: kitabu gani cha mwongozo kinafaa kwa safari ya siku nne jijini?

Mgeni_Njiani

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna safari ya siku nne, jiji moja tu, kubwa, na ni mara ya kwanza kufika. Mpango ni makumbusho, majengo ya kale na kutembea mitaani kwa miguu. Nataka kununua kitabu kimoja cha mwongozo, nikisome kabla na nitembee nacho. Tatizo ni wingi. Jiji lile lile lina kitabu cha kurasa 500, lina cha mfukoni, lina ramani ya kukunjua yenye maelezo mafupi, na vyote vinajitangaza kuwa vipya.

1. Kinene au cha mfukoni?
2. Nitajuaje kama kweli ni kipya?
3. Cha kwenye simu kinatosha, au karatasi bado ina faida?

Nawasilisha.

Ramani_Mkononi

Mkuu, tuanze na swali la pili, maana ndilo linaloondoa vitabu vingi mezani.

Jalada liache kwanza. Fungua ukurasa wa hakimiliki. Kwa kawaida uko nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, ingawa wachapishaji wengine huuweka mwisho kabisa. Angalia namba ya toleo na mwaka wake, kisha angalia kama kuna mstari wa chapa. Toleo jipya maana yake yaliyomo yamepitiwa upya. Chapa mpya ya toleo lile lile maana yake nakala ziliisha, zikachapwa nyingine, maneno ni yale yale. Ndiyo maana unaweza kukuta kitabu kimetoka kiwandani mwaka huu lakini aliyekiandika alikagua jiji miaka minne nyuma.

Ongeza na muda wa kazi yenyewe. Mwandishi akimaliza kuzunguka, bado kuna kuhariri, kuchora ramani, kuchapa na kusambaza. Kitabu kikifika dukani, habari zake zina miezi kadhaa tayari, na mara nyingine zimepita mwaka. Kwa safari ya jijini, toleo lililozidi miaka miwili silipendekezi kwa mambo ya usafiri, tiketi na mahali pa kula.

Kama tarehe haikuridhishi, pima kwa tukio. Tafuta jambo moja kubwa lililobadilika katika jiji unalokwenda, kisha uone kitabu kinasemaje. Kwa Paris, kanisa la Notre-Dame liliungua Aprili 2019 na likafunguliwa tena Desemba 2024, wakati jumba la sanaa la Centre Pompidou lilifungwa 2025 kwa ukarabati uliopangwa kwenda hadi 2030. Kitabu kinachokwambia uitazame Notre-Dame kwa nje tu, au kinachokupangia asubuhi ndani ya Pompidou, muda wake umepita. Kwa Istanbul, Hagia Sophia ilirudishwa kuwa msikiti Julai 2020, na tangu Januari 2024 watalii wanaingia kwa mlango wao, kwa tiketi, na wanatembelea ghorofa ya juu. Kitabu kinachoiita makumbusho, kirudishe rafuni. Kwa Venice, tafuta ada ya mgeni wa kutwa iliyoanza 2024 kwa siku zinazotangazwa.

Sura ya usafiri ndiyo inayochakaa mapema kuliko zote. Paris ilibadilisha mfumo wake wa nauli Januari 2025: tiketi ya metro na treni ikawa moja kwa mkoa wote, ukiacha viwanja vya ndege. Kitabu cha kabla ya hapo kinakufundisha kanda za nauli ambazo mwenye tiketi ya safari moja hazihitaji tena.

Binti_Faharasa

Naongezea swali la kwanza. Kwa siku nne chukua cha mfukoni, ila kwa masharti.

Kitabu cha nchi nzima kiweke pembeni, kwa sababu jiji lako litapewa sura moja. Kitabu kinene cha jiji nacho kina sehemu nyingi zisizokuhusu: hoteli, wakati malazi umeshalipia, safari za nje ya mji, mitaa ya pembeni. Piga hesabu. Kwa utulivu, mtu anaweza kutembelea vivutio vikubwa viwili kwa siku, labda na kidogo cha tatu. Siku nne ni vivutio nane hadi kumi na viwili. Unahitaji kitabu kinachokusaidia kuchagua hivyo kumi na viwili. Kinachokuorodheshea mia mbili kwa uzito ule ule kinakuachia wewe kazi uliyokilipia.

Mpangilio ni muhimu kuliko unene. Kuna vitabu vinavyopanga kwa aina, yaani makumbusho yote sura moja, makanisa sura nyingine, migahawa huko nyuma. Hivyo ni vizuri kusomea nyumbani, lakini ukishakuwa barabarani unapekua kurasa tatu tofauti kujua kilicho mbele yako. Kwa safari fupi tafuta kilichopangwa kwa mitaa: kila mtaa na ramani yake, vivutio vyake na mahali pake pa kula, vyote vikifuatana.

Ukiwa dukani fanya jaribio hili. Chagua kivutio kimoja kikubwa, ukitafute kwenye faharasa, kisha ndani ya dakika moja upate majibu haya: hufungwa siku gani, tiketi lazima inunuliwe mapema au la, kituo cha karibu ni kipi, panachukua saa ngapi, na ukitoka pale kuna nini cha kutembea kwa miguu. Siku ya kufungwa ndiyo inayoumiza watu. Kule Paris, makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne na ya Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu; Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Kitabu kikificha habari hiyo kwenye herufi ndogo za ukurasa wa nyuma, utafika langoni na kukuta pamefungwa, na kwenye siku nne nafasi ya kurudi ni finyu.

Jaribio la pili ni ratiba ya "siku moja jijini". Ifuate kwa kidole kwenye ramani ya kitabu hicho hicho. Kama kidole kinavuka mto, kinarudi, kisha kinavuka tena kabla ya mchana, ratiba hiyo imepangwa mezani na haijatembewa.

Kalamu_na_Dira

Watu husahau kipimo cha ramani, na ndicho kinachotenganisha ramani ya kutembelea na ya kupamba. Kwa kutembea kwa miguu unataka 1:10,000 hadi 1:15,000. Katika 1:10,000 sentimita moja ni mita 100, kwa hiyo sentimita nane ni mita 800, sawa na dakika kumi hivi za mwendo wa kawaida. Katika 1:25,000 sentimita hizo hizo ni kilomita mbili, na vichochoro vingi havina majina.

Kagua na haya. Namba zilizo kwenye maelezo ziwe ndizo zilizo kwenye ramani. Vituo vya metro viandikwe majina, alama pekee haitoshi. Ramani iliyotandazwa kurasa mbili isimezwe na mshono wa katikati: fungua kitabu mpaka mwisho uone kama kuna mtaa unapotea pale kwenye bonde. Na kama kuna ramani ya kukunjua mfukoni mwa jalada, ikunjue na uikunje tena hapo hapo. Ile isiyokubali kurudi kwenye mikunjo yake huanza kuchanika kwenye pembe, na jina la mtaa unaoutafuta likiwa hapo ndiyo basi tena.

Msafiri_Bila_Mzigo

Mimi naona asinunue kitabu kabisa. Wikivoyage, tovuti ya mwongozo wa safari, ni ya bure, iko chini ya Wikimedia (shirika la Wikipedia) tangu 2013, na unaweza kuipakua kupitia programu ya Kiwix ukaisoma bila intaneti. Ongeza Organic Maps, programu ya ramani ya simu inayotumia data ya OpenStreetMap (ramani huria ya dunia) na kufanya kazi bila mtandao. Hapo una maelezo na ramani, na mkoba hauongezeki hata gramu moja.

Binti_Faharasa

@Msafiri_Bila_Mzigo, kwa ramani nakubaliana nawe moja kwa moja: simu inakuonyesha ulipo, karatasi haiwezi. Wikivoyage nayo ni nzuri, ila ubora wake hutofautiana jiji kwa jiji, hata mtaa kwa mtaa, kwa kuwa huandikwa na wanaojitolea. Kitabu kizuri kina mtu mmoja au wachache waliosimama wakasema: hiki nenda, kile kipite. Hukumu hiyo ndiyo inayolipiwa.

Mleta uzi, kuhusu swali la tatu: kitabu pepe kinafaa kama utakisomea kwenye kompyuta kibao. Kwenye simu ndogo ramani za kitabu hugeuka picha unazozivuta huku na huku, na kurukia kutoka maelezo kwenda ramani kunachosha. Karatasi unaifungua kurasa mbili kwa mkupuo, unaandika pembeni, na betri ikiisha bado inasomeka.

Na kila mfululizo wa vitabu vya mwongozo una watu wake. DK una michoro ya majengo yaliyopasuliwa ili uone ndani, unamfaa anayeelewa kwa macho. Blue Guides ni kwa anayetaka sanaa na usanifu kwa kina. Rick Steves amejikita Ulaya, anasema waziwazi cha kuacha na namna ya kukwepa foleni. Michelin wa kijani hupanga vivutio kwa nyota moja hadi tatu, na nyota tatu maana yake panastahili safari yenyewe. Usiuchanganye na ule mwekundu, ambao ni wa migahawa na hoteli.

Ramani_Mkononi

Tahadhari moja kwa mnaonunua mtandaoni. Tangu 2023 kumekuwa na vitabu vya mwongozo vinavyotungwa kwa akili mnemba na kuuzwa kwa majina ya waandishi wasiojulikana. Dalili zake: mwandishi mmoja ametoa majiji mengi ndani ya mwaka mmoja, hana kazi nyingine popote, sifa za wasomaji zimemiminika kwa siku chache, na ukifungua kurasa za mfano hukuti ramani, anwani wala siku za kufungwa. Kuna maneno ya "jiji lenye mvuto wa kipekee" ambayo yangefaa jiji lolote. Usinunue kitabu kisichokuonyesha kurasa za mfano.

Mgeni_Njiani

Nashukuru sana wakuu. Sasa nimebaki na viwili. Cha kwanza ni cha mfukoni, toleo la mwaka jana, kimepangwa kwa mitaa, ramani safi, ila historia ni aya mbili tu. Cha pili kina miaka mitano, kinene, maelezo ya majengo ni mazuri mno. Nichukue kipi?

Kalamu_na_Dira

Nunua cha kwanza. Cha pili kiazime maktaba na ukisome kabla ya kuondoka. Miaka mitano haibadilishi nani alijenga kuba na kwa nini madirisha ni madogo, ila inabadilisha mlango wa kuingilia na namna ya kupata tiketi. Piga picha kurasa za majengo utakayotembelea, ziweke kwenye simu.

Halafu kwenye kile cha mfukoni, andika siku ya kufungwa kwa kalamu ya risasi kando ya kila kivutio ulichochagua, ukiitoa kwenye tovuti rasmi ya mahali penyewe. Vinavyohitaji tiketi ya saa maalumu vipange kwanza, hata wiki kadhaa kabla. Nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam, kwa mfano, tiketi zake huuzwa mtandaoni tu na hutolewa kila Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele. Ukishajua saa hizo, vivutio vya mtaa ule ule vizungushie kwenye nafasi iliyobaki.

Mgeni_Njiani

Nimeelewa mkuu. Leo naanza na siku za kufungwa.