Wiki 39 kwa kliniki, 37 kwa altrasaundi: nifuate ipi, na nitoke nyumbani lini?

Mzazi Mtarajiwa:
Wakuu, habari za jioni. Mimba ya kwanza. Hedhi ya mwisho ilianza 10 Machi, kliniki wameandika nitajifungua 17 Desemba, kwa hiyo leo nimetimiza wiki 39. Altrasaundi ya mwishoni mwa Oktoba inasema 31 Desemba. Nifuate ipi? Pili, kila jioni tumbo linakaza kisha linaachia. Nitajuaje kwamba sasa ni uchungu wenyewe? Nakaa Kigamboni, Dar es Salaam, na hospitali niliyopangiwa iko ng'ambo ya maji. Tatu, usiku silali: kiungulia, nyonga, misuli ya miguu kukamaa. Na kuna mchemsho wa mizizi nimeletewa nianze kunywa ili ulainishe njia. Presha 118/76, wingi wa damu 10.8.

Shuka la Kijani:
Dada, kama mzunguko wako ni wa siku 28 hivi na hiyo 10 Machi una uhakika nayo, baki na 17 Desemba. Kliniki wamechukua siku ya kwanza ya hedhi, wakaongeza siku 7, wakarudi nyuma miezi 3. Altrasaundi yenyewe inakisia umri kwa kupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja. Mimba ikiwa changa, kabla ya wiki ya 14, watoto karibu wote wanalingana, kipimo kinapishana kwa siku chache tu. Mwishoni mwa Oktoba ulikuwa wiki ya 33. Hapo kuna vibonge na kuna wembamba, hivyo kupishana wiki mbili, hata tatu, si ajabu.

Ila usiipuuze moja kwa moja. Mtoto kuonekana mdogo kuliko tarehe zake kunaweza pia kuwa dalili kwamba hakui vizuri. Fungua kadi uangalie safu ya kimo cha tumbo: kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, ikipungua au kuzidi mbili tatu. Kinachotafutwa ni kama imekuwa ikipanda kila hudhurio. Ikiwa imekwama, muulize mkunga, usisubiri hudhurio lijalo. (Siku hizi za mwisho inaweza kushuka kidogo kwa sababu kichwa kimeingia kwenye nyonga. Hapo unasikia pumzi imekuwa nyepesi na mkojo hauishi.)

Usisogeze tarehe mwenyewe kwa kujipa moyo. Kwa kliniki, wiki 41 zinatimia 24 Desemba, na hapo ndipo hujadiliwa kuanzishiwa uchungu. Ukifuata altrasaundi utajiona uko salama mpaka 7 Januari, ambayo kwa hedhi yako ni wiki ya 43.

Fundi Saa:
Kuhusu kukaza: chukua karatasi, andika saa inapoanza na saa inapoachia. Wengi wanakosea kupima, wanahesabu kutoka mwisho wa mmoja hadi mwanzo wa mwingine. Pima mwanzo hadi mwanzo. Ukianza saa 2:10 usiku ukaachia 2:11, na mwingine ukaanza 2:17, hizo ni dakika 7, si 6.

Uchungu wa uongo hauna mpangilio: dakika 8, kisha 20, kisha 12. Kunywa vikombe viwili vya maji, kojoa, tembea, oga maji ya vuguvugu. Ukififia, lala. Wa kweli unakuja kwa mpangilio, unakaribiana, unarefuka, mara nyingi unaanzia kiunoni kuja mbele, na kutembea hakuutulizi. Kwa mimba ya kwanza, kila dakika 5, unadumu kama dakika 1, na hali hiyo ikiendelea saa nzima, ondoka.

Mwana wa Ng'ambo:
Fundi, hiyo ya dakika 5 inamfaa anayekaa jirani na hospitali. Wa Kigamboni atoke zikiwa dakika 7 hadi 8, na asitegemee pantoni, kwani foleni haijui leba. Apite Daraja la Nyerere, nauli na pesa ya daraja ziwe zimetengwa, namba za madereva wawili, si mmoja. Usiku wa manane, yule wa kwanza anaweza asipokee.

Hospitali nyingi utaambiwa uje na vifaa, waulize orodha yao mapema. Kwa kawaida ni mpira wa kutandika mita 2, glavu, pamba, pedi kubwa, kibanio cha kitovu, wembe mpya ambao haujafunguliwa, beseni, sabuni, kanga nne au tano safi zilizokaushwa juani, nguo na kofia ya mtoto. Kadi ya kliniki iwe juu kabisa ya begi.

Chupa ya uzazi ikipasuka, maji yakatoka, hata bila uchungu, nenda. Andika saa na rangi. Maji ya kijani au yenye harufu mbaya, waambie mapokezi kabla hujakaa. Ukiona au kugusa kitu kama kamba ukeni, hicho ni kitovu kimetangulia: usikirudishe. Piga magoti kwenye kiti cha nyuma, kifua chini, makalio juu, hivyo hivyo mpaka hospitali.

Shuka la Kijani:
Mizizi mwaga. Damu hupita vizuri kwenda kwa mtoto tumbo linapoachia. Baadhi ya dawa hizo zinakaza bila kuachia, mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. Hakuna ajuaye kipimo kilichomo kwenye kikombe, na ukifika wodini ukatundikiwa dripu ya uchungu, mbili zinakutana. Kama umeshakunywa, sema. Bora ukaripiwe lakini wajue.

Damu 10.8 iko chini kidogo ya 11 inayotakiwa kwa mjamzito. Vidonge vya damu meza kwa maji ya chungwa, na chai isogee mbali saa 1 hadi 2, maana inazuia madini ya chuma. Kinyesi cheusi kisikutishe.

Kulala: ubavu, mto katikati ya magoti, mwingine chini ya tumbo. Kiungulia: chakula cha usiku kidogo, saa 3 kabla ya kulala, na tofali moja moja chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, magadi usiguse. Msuli ukikamaa, vuta vidole vya mguu kuelekea goti. Ukivinyoosha mbele ndiyo unaukaza zaidi.

Mzazi Mtarajiwa:
Asanteni sana. Asubuhi hii umetoka ute mzito wenye vijistari vya pinki. Niende?

Fundi Saa:
Huo ni ute uliokuwa umeziba mlango wa kizazi. Uchungu unaweza kuanza leo au baada ya siku kadhaa. Kula, pumzika, hakiki begi. Lala ubavu uhesabu mtoto anavyocheza: usipopata mara 10 ndani ya saa 2, nenda. Nenda pia ukiona damu nyekundu inayotiririka kama hedhi, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, uso umevimba, au maumivu makali chini ya mbavu. Hapo usipime dakika, ita gari.