Nani Aidhinishe Kunaswa kwa Simu za Wananchi?

Mtoa mada: Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, katika sehemu ya 36, ilimtaka polisi aende Mahakama Kuu kuomba amri kabla ya kunasa mawasiliano ya mshukiwa. Kisha, Desemba 2014, katika kikao cha Bunge ambacho waheshimiwa walikaribia kukigeuza ulingo wa masumbwi, ikachomekwa sehemu ya 36A, inayoviruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano kwa utaratibu utakaowekwa na Waziri na kanuni zitakazoidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Jaji hatajwi humo. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vipengele vinane vya marekebisho yale, lakini hicho ikakiacha. Nasema ilikosea. Mwasemaje?

Mkazi wa Eastleigh: Ndugu yangu, kwa heshima zote, unazungumza kama mtu ambaye hajawahi kupandishwa lori la polisi. Aprili 2014, katika msako wa polisi dhidi ya ugaidi ulioitwa Usalama Watch, watu wa mtaa wetu hapa Nairobi walikamatwa kwa maelfu na wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani wakikaguliwa vitambulisho. Miezi saba kabla ya hapo watu 67 walikuwa wameuawa na magaidi katika jumba la maduka la Westgate, na hakuna serikali ambayo ingekaa kimya. Kwa hivyo nikiulizwa nichague, afadhali isikilizwe simu ya mtu mmoja anayeshukiwa kuliko kuzoa mtaa mzima. Wanaoona kunaswa kwa simu kuwa dhuluma isiyo na kifani, aghalabu hawajaionja ile nyingine.

Mtoa mada: Hilo sikuwa nimelipima, nakiri. Hata hivyo, aliyepandishwa lori alijua kwamba amekamatwa, majirani walijua, na jamaa zake walisimama langoni Kasarani wakimwulizia. Anayesikilizwa simu hajui lolote, na asiyejua kwamba amedhulumiwa hawezi kwenda mahakamani kulalamika. Ndiyo maana jaji anahitajika mapema. Sidai kwamba majaji hukataa maombi haya mara kwa mara, hasa kwa kuwa ombi husikizwa upande mmoja tu; lakini angalau afisa hulazimika kuandika sababu zake na kuziweka mbele ya mtu asiye mkubwa wake kazini. Tena, huyo mtu mmoja unayemtaja anapatikana katika sehemu ya 36. Sehemu ya 36A haisemi mtu mmoja. Haisemi hata mtaa mmoja.

Mkazi wa Eastleigh: Basi 36A na ifutwe, ila kwa sharti moja: awepo jaji wa zamu anayepatikana hata saa nane za usiku. Afisa akiambiwa asubiri Jumatatu, hatasubiri; atarudi kwetu na malori.

Mtoa mada: Sharti hilo nalikubali.