Miezi 15, anataka biberoni (chupa ya kunyonyea) tu, kikombe anakitupa

MamaDjo, Katindo (Goma):
Jambo ba mama. Kijana wangu ana miezi 15, anakunywa maziwa ya kopo, yale ya unga ya watoto, tangu yangu yakauke. Kopo linatumaliza jamani, siku nne limekwisha. Juzi nikanunua maziwa ya ng'ombe ya Masisi, nikayachemsha, nikamtilia kwenye kikombe. Alionja, akanitazama kama nimempa dawa ya minyoo, akakirusha. Sasa akiona kikombe tu analia. Usiku anaamka mara mbili kutafuta biberoni. Mama mkwe anasema nizifiche zote, atalia siku tatu atanyamaza. Nifanyeje?

Mama Pacha:
Pole dada. Umembadilishia vitu viwili siku moja, maziwa na chombo. Mrudishie ya kopo, lakini ndani ya kikombe. Akishazoea, anza kuchanganya: robo ya ng'ombe, kisha nusu kwa nusu, polepole hivyo. Wangu walichukua wiki tatu, na mmoja alikuwa mkaidi hasa. Halafu toa ule utando wa juu! Ndio uliokuwa unawatapisha wangu, na mimi nilidhani ni maziwa.

Yaya wa Ndosho:
Mimi muuguzi. Akishapita mwaka 1 na anakula vizuri, kopo si lazima. Na unga wenyewe mara nyingi hutokana na maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo kama haukumdhuru usiwe na hofu sana. Ila yachemke mpaka yapande, hata muuzaji akiapa. Mabichi yanaleta kifua kikuu na brusela, homa inayotoka kwa mifugo. Usipitishe nusu lita kwa siku. Akishiba maziwa hali chakula, na damu inapungua. Maharagi, sambaza (wale samaki wadogo), mboga ya lengalenga, hivyo ndivyo vya kumjaza. Biberoni ya usiku itoe mwisho, na kwa sasa usimwache alale nayo mdomoni, meno yataoza.

Baba K:
Yale ya bidoni (madumu) ya barabarani yaangalie. Mimi niliuziwa mepesi mpaka yanaonekana ya bluu.

Mama Pacha:
Usiku mimi nilipunguza maziwa na kuongeza maji kila baada ya siku mbili. Yalipobaki maji matupu, wakaona hakuna sababu ya kuamka.

MamaDjo:
Aksanti sana. Jana jioni nilimtilia ya kopo kwenye kikombe cha chai cha baba yake, maana ndicho anachokivizia kila siku. Nusu ilishuka tumboni, nusu kwenye shati. Mama mkwe alicheka mpaka akaketi. Usiku bado tunapigana.