Je, Simba wa Witu aliiuza nchi yake?

Mwenzetu mmoja ameandika kwamba Ahmed bin Fumo Luti, mtawala wa Witu, maarufu kwa jina la Simba, ndiye aliyewafungulia Wazungu mlango wa pwani ya Lamu, kwa sababu tarehe 8 Aprili 1885 aliwauzia Wajerumani Clemens na Gustav Denhardt kipande cha ardhi na kuomba himaya ya Ujerumani. Mauzo hayo siyakatai. Ninachokataa ni kumhukumu Simba kana kwamba siku ile hakuwa na adui mwingine.

Simba alikuwa wa ukoo wa Nabahani, watawala wa kisiwa cha Pate wa karne nyingi, ambao Zanzibar iliwang'oa kisiwani. Alikimbilia kwanza Kau, kando ya mto Ozi, kisha akajichimbia Witu, mji uliozungushiwa boma la magogo katikati ya msitu mnene, ambako watumwa watoro kutoka mashamba ya Lamu na Malindi walipokelewa wakapewa mahali pa kulima. Kila mtoro aliyepita lango lile alikuwa hasara kwa tajiri fulani wa Sultani Barghash wa Zanzibar, na mwaka uleule wa 1885 Barghash alipeleka askari kuukabili mji huo. Aliyebanwa hivyo hushika mkono wa kwanza unaonyooshwa.

Mkono wenyewe ulimtupa. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu katika mapatano yaliyoipatia Ujerumani kisiwa cha Heligoland, wala Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, hakuulizwa neno. Mwezi Septemba Mjerumani Andreas Küntzel, aliyekuja na wenzake kupasua mbao bila ruhusa, alimpiga risasi mlinzi wa lango, na Küntzel naye akauawa pamoja na wenzake. Oktoba manowari za Admirali Fremantle wa Uingereza zikashusha askari kulipiza mauaji hayo, na Witu ikateketezwa. Fumo Bakari alifariki Januari 1891, lakini Fumo Omari wa ukoo huohuo aliendelea kupigana msituni hadi 1894. Ukoo uliokwisha kuuza nchi ungepigania nini miaka yote hiyo?

Jibu la mchangiaji mwingine:

Ndugu yangu, umeeleza vizuri shida za Simba, ila umewapita watoro kwa haraka. Watu wa Witu walivamia vijiji vya jirani na kuteka watu, Wapokomo wakiwemo, kwa hiyo kimbilio la mmoja lilikuwa tishio kwa mwingine. Tena ardhi waliyouziwa akina Denhardt ilikuwa katika nchi iliyofyekwa kwa majembe ya watoro haohao, na jina la mtoro halimo katika mkataba. Unalalamika kwamba Fumo Bakari hakuulizwa mwaka 1890. Miaka mitano kabla yake, Simba alimuuliza nani?

Jibu la mwandishi wa kwanza:

Hilo la Wapokomo na watoro nalikubali, na nilikosea kulipita. Hata hivyo, linamtia Simba hatiani mbele ya raia na majirani zake, na hiyo ni kesi tofauti na ile ya kuwaleta Wazungu, ambao mwaka 1885 walikuwa wamekwisha kufika Zanzibar wakiwa na manowari.