Mrejesho: bendi ya kaspesi-3 imetokea!
Wasee, niliuliza hapa mbona antibodi yangu (ile inayonasa protini unayoitafuta) ya kaspesi-3 iliyokatwa (protini inayokatwa seli ikianza kujiua) haionyeshi kitu kwenye Western blot, kile kipimo kinachoonyesha protini kama mistari, yaani bendi, nikidhani iliharibika stima ilipopotea huku Ngara. Kumbe iko sawa kabisa. Seli zinazokufa hubanduka zinaelea kwenye midia (maji ya virutubisho ya kukuzia seli), na mimi midia nilikuwa namwaga kila siku, yaani namwaga zile zile ninazotafuta! Safari hii nimekusanya zote, nikaweka na seli za Jurkat (aina ya seli za damu za maabara) zilizopewa staurosporini (dawa inayofanya seli zijiue) kama kontroli ya kulinganisha, membreni (karatasi inayoshika protini) nikachukua ya matundu ya mikroni 0.2 juu vile vipande vya kaspesi-3 vya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 17 na 19 ni vidogo, vinaweza kupenya ile ya 0.45. Jana jioni bendi mbili hizo, nyembamba lakini safi. Aliyenishauri nisinunue antibodi ingine, asante sana, umeniokolea pesa mingi.