Kuwaleta watoto Malindi mwezi wa nane: tuanzie wapi?

Kutoka: Mama Zuwena, Bergamo

Assalaam alaykum ndugu zangu, mlio ughaibuni na mlio nyumbani.

Mwezi wa nane inshallah nawaleta wanangu wawili. Wamezaliwa huku Italia, na mkubwa ameshaanza kuuliza maswali. Wenzao shuleni wamefika Malindi na wazazi wao, wakarudi na picha za bwawa la hoteli. Juzi kaniuliza, "Mama, Malindi ilijengwa na Wataliano?" Neno lile lilinichoma. Nataka waujue mji wa bibi yao. Tuanzie wapi? Na pasipoti zao nifanyeje?

—

Kutoka: Baba Feisal, Shela, Malindi

Waalaykum salaam mwanangu,

Swali la mjukuu wangu ni la haki, msimkaripie. Akishuka hapa ataona vibao vya Kitaliano, piza kila pembe, na wauza vinyago watamwita kwa lugha ya shuleni kwake. Atajuaje kwamba mji ulikuwepo karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza? Mtembezeni kwa miguu, aone mwenyewe.

Msianzie nguzo ya Vasco da Gama, ijapokuwa kila dereva wa tuktuk atataka kuwapeleka huko kwanza. Anzieni Msikiti wa Ijumaa, kwenye makaburi ya nguzo. Mwacheni aisogelee ile nguzo ndefu aone ilivyojengwa kwa matumbawe na chokaa, kazi ya mafundi wa hapa hapa. Hapo ndipo umwambie kwamba mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, akavushwa bahari nzima akiwa hai. Mji usio na bandari, mabaharia wala jina huko nje usingeweza jambo hilo.

Vasco, baharia wa Kireno, alikuja Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako hawakuelewana. Sultani wa Malindi naye alikuwa hapatani na Mombasa, kwa hiyo akampokea vizuri. Bandarini Mreno alikuta vyombo vya Wahindi, na hapa ndipo alipopewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, Uhindini. Hakugundua kitu. Aliuliza njia, akaonyeshwa. Mtoto akishalishika hilo, nendeni sasa nguzoni jioni upepo ukipoa. Ule msalaba wa juu ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Mkiwa njiani piteni kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti. Francis Xavier, mmisionari wa Kikatoliki, alishuka Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, Uhindini.

Urafiki ule na Wareno haukutuachia mengi. Mwaka 1593 mtawala wetu alihamia Mombasa pamoja nao, na Malindi ikafifia. Ilikuja kuinuka tena karne ya 19 chini ya masultani wa Zanzibar, na nakuomba sehemu hii usiwafiche watoto: mashamba ya mtama yaliyoutajirisha mji yalilimwa na watumwa. Waliotoroka walikimbilia bara, wengine wakajijengea kijiji chao Fuladoyo. Wapo majirani zetu ambao ni wajukuu wao. Na mkifika kwenye bustani yenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, wasimulie jinsi alivyowainua Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, akapelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka na kurudi pwani kwa miguu.

Gede, mji wa magofu, ipeni asubuhi nzima. Ni kilomita kama 16 kutoka hapa, matatu za Mombasa zinapita njia panda. Mji ule ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, msitu ukaumeza, na uchimbuaji mkubwa ulianza mwaka 1948. Mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mimi nasema ulichelewa. Waonyeshe jumba la mfalme, visima, msikiti mkuu, na vyoo vilivyojengwa ndani ya nyumba. Kisha mwambie mkubwa alitafute kaburi lenye tarehe: imechongwa kwa Kiarabu mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Apitishe jicho neno kwa neno, asikimbilie picha. Ndizi msibebe mkononi, kima wa pale hawaombi. Hapo hapo pana mradi wa Kipepeo, ambapo wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado hawajatoka ganda. Wenye msitu wanapata riziki bila kuukata.

Bahari haikosi, lakini mwezi wa nane ni kusi, upepo wa kusini, mawimbi yapo. Na mkiyaona maji ya ghuba yamekuwa ya udongo, ni mto Sabaki umeteremsha tope la bara, si uchafu wa mji. Hifadhi ya matumbawe, iliyotengwa tangu 1968, nendeni maji yakipwa.

La mwisho kwa hao watoto wa Italia: wapelekeni Ngomeni. Kule baharini kuna majukwaa ya Wataliano ya kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo ikapewa jina Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani.

—

Kutoka: Dada Mwanajuma, Leicester

Dada yangu, la makaratasi nalijibu mimi. Kwa Katiba ya 2010, mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Mkenya, baba au mama, ni raia wa kuzaliwa hata kama kazaliwa Bergamo. Uraia pacha pia unaruhusiwa. Anza sasa ubalozini, maana foleni hazitabiriki. Pasipoti zisipotoka kwa wakati, waombee kibali cha kuingia Kenya, kiitwacho eTA, mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Ndicho kilichochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024.

Jambo ambalo wazazi wengi wa huku wanalipuuza ni malaria. Watoto waliokulia Ulaya hawana kinga. Muone daktari mapema kwa ajili ya dawa za kujikinga, na usiku walale ndani ya chandarua hata kwa bibi. Pia mifuko ya plastiki usifunge kwenye sanduku, imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Na kila mtoto awe na chupa yake ya maji, kwa sababu plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi.

—

Kutoka: Mama Zuwena, Bergamo

Allah awalipe kheri nyote. Shikamoo Baba Feisal. Je, siku ya matumbawe tuichague vipi? Hotelini wanataka tulipie kabla.

—

Kutoka: Baba Feisal, Shela, Malindi

Marahaba mwanangu. Usilipe chochote ukiwa huko. Tazama mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na siku hizo maji hupwa sana kama saa nne, saa tano za asubuhi. Nitumie tarehe zenu, nitaongea na nahodha mmoja wa hapa mtaani. Mwambie bibi mtu afanye mahamri na mbaazi mapema, muondoke mmeshiba.